Unaikosoaje TV kwa kutumia TV yenyewe? Jibu kwa dada wa Nkuhungu

Ameniandikia dada mmoja anayekaa Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Ujumbe wake mrefu, nimeufupisha ila maneno ni yake:

"Shikamoo mwalimu. Mimi kazi yangu naediti video za harusi na sendofu. Bibi yangu yuko Chamwino, yeye na wenzake wanapiga ngoma ya muheme tangu wakiwa wasichana. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, siku hizi ukimsalimia mbukwa ananuna, anasema wenzake darasani wanamuigiza kama Mgogo wa kwenye komedi. Nimekusanya klipu kama hamsini za TV na za mtandaoni zinazomuigiza Mgogo, nataka nitengeneze sanaa ya video ya kukosoa hiyo tabia. Tatizo nikizipanga zote pamoja nakuta na mimi nacheka. Sasa hapo nakosoa kweli au nawasaidia kusambaza? Na hii kitu ina tofauti gani na dokumentari?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hapo uliposema unacheka, maana wengi wangelificha hilo na wewe umelitoa mwenyewe, na kazi yako yote imelala hapo. Klipu ya komedi imetengenezwa ili ucheke, yani kuna mtu kakaa kwenye kompyuta akapima ile nukta ya ukimya kabla ya neno la mwisho, akaweka kale kamlio, akakata kwenda kwenye sura ya yule mwingine aliyeshangaa. Wewe unaediti harusi, unajua ukichelewesha vigelegele nusu sekunde bi harusi anaingia baridi. Sasa ukichukua klipu hamsini ukazipanga kila moja na mwendo wake ule ule zitakufanyia kile zilichotengenezewa, zitakuchekesha mara hamsini, na mtazamaji wako pia atacheka mara hamsini afu mwishoni uandike "tuache ubaguzi" haitasaidia kitu, mtu ameshacheka na picha imeshakaa kichwani. Kwa hiyo ndio, kwa namna ulivyopanga sasa hivi unawasambazia. Ila hiyo ni hatua ya kwanza tu.

Ngoja nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote. Marekani, mwaka 1978 mpaka 1979, msanii anaitwa Dara Birnbaum alichukua vipande vya tamthilia ya Wonder Woman iliyokuwa inarushwa kwenye TV zao miaka hiyo. Enzi hizo mtu wa kawaida kurekodi kipindi cha TV nyumbani haikuwa kitu rahisi kama leo, yeye kanda alizipata kupitia watu waliokuwa ndani ya tasnia. Kwenye ile tamthilia kuna mwanamke wa kawaida, mfanyakazi tu, hatari ikitokea anajizungusha, linapiga bomu la mwanga, anageuka shujaa mwenye nguo za kubana. Sasa Birnbaum alifanyaje, alikata hadithi yote akaitupa. Hakuna jambazi, hakuna anayeokolewa. Alichokirudia zaidi ni ule mzunguko. Anazunguka, mwanga, anazunguka, mwanga, anazunguka. Video nzima haifiki dakika 6. Mara ya kwanza unafurahi, mara ya tatu unaanza kujiuliza, mara ya saba unaona ule ni mtambo, unaona kwamba mwanamke kwenye TV anapewa njia mbili tu, awe mnyonge au awe mdoli wa miujiza, na katikati hakuna mtu. Hakuandika neno moja la kulaumu. Alirudia tu.

Sasa rudi kwenye klipu zako. Zile tatu ulizonitumia nimezifungua kwenye programu ya kuediti nikaenda picha moja moja, unajua sekunde moja ya TV yetu ina picha 25, kwa hiyo ukitulia unaona vitu ambavyo jicho linaruka. Angalia ile ya pili, ya kijana aliyevaa koti kubwa na fimbo begani. Kabla hajasema chochote kuna kipande kidogo sana, hakifiki sekunde, bado hajawa "Mgogo". Ni kijana wa Kitanzania tu amesimama mahali pametengenezwa paonekane kijijini. Anavuta pumzi. Jicho lake linatoka nje ya kamera kidogo, kama anamwangalia mtu anayempa ishara. Anateremsha bega la kushoto, anauvuta mdomo upande, macho anayalegeza, halafu ndio anaanza kuongea ile sauti. Nimeirudia labda mara thelathini na kila nikiirudia inaniuma zaidi, kwa sababu pale ndipo Mgogo wa TV anapotengenezwa, mbele ya macho yako, kwa bega na mdomo. Huo ndio mzunguko wako wa Birnbaum. Tupa kichekesho chote, neno la mwisho litupe kabisa mtazamaji asilisikie, baki na kile kijisekunde cha kugeuka. Kila klipu kati ya hizo hamsini lazima ina kijisekunde kama hicho, kitafute. Ukiviunganisha watu hawatapata pa kuchekea maana utani haufiki, unakatwa kila unapotaka kufika, na watabaki wanaangalia jinsi watu hamsini tofauti wanavyovaa mtu mmoja asiyekuwepo.

Hapo nusu ya kazi imeisha. Nusu nyingine ni ngumu zaidi na inabidi nikueleze kitu nilichokifanya mimi mwenyewe.

Zamani kabla sijaanza kufundisha nilikuwa mhariri wa picha kwenye kituo kimoja cha TV. Siku moja mgeni mkubwa ameshuka hapa Dodoma, na kama kawaida kina mama wa muheme walipangwa uwanjani kumpokea, walifika kabla jua halijachomoza, wamevaa sare, ngoma zao ziko katikati ya mapaja, shanga, manyanga, kila kitu. Jioni picha zikaja mezani kwangu. Nikaambiwa weka ngoma sekunde kumi na mbili, ua sauti, mtangazaji aongee juu. Nikaua sauti. Ndio ilikuwa kazi, wala sikufikiria mara mbili, na nilishafanya hivyo mara nyingi sana. Miezi kadhaa mbele nikaenda kijiji kimoja cha Chamwino kurekodi mambo mengine kabisa, bibi mmoja akanikumbuka kwamba mimi natoka kule kwenye TV, akanishika mkono akasema: "Nilijiona kwenye luninga mjukuu wangu, ila nilikuwa bubu." Nikamuuliza kwani siku ile mlikuwa mnaimba nini bibi. Akasema walikuwa wanamwambia mgeni pampu ya kisima chao imekufa. Wimbo mzima ulikuwa ni huo, kisima, pampu, ndoo, umbali wanaotembea. Na mimi niliufuta, nikaacha mikono yao inapiga ngoma kimya kimya na sauti ya kiume inasema wananchi walijitokeza kwa wingi kwa shangwe.

Nakwambia hivi ili uone kwamba vyombo vya habari havimchori Mgogo kwa kumcheka tu, vinamchora pia kwa kumsifia. Fikiria vizuri, redio na TV zetu kwa miaka mingi zimetangaza kwa Kiswahili na Kiingereza tu, lugha za makabila hazitumiki kwenye matangazo, na sababu yake inaeleweka na mimi siipingi, Kiswahili ndio kimetufanya mimi na wewe na Mmakonde wa Mtwara tuelewane bila mkalimani, hilo si jambo dogo hata kidogo. Ila matokeo yake ni kwamba Kigogo kinaingia kwenye skrini kwa milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni komedi, hapo kinakuja kama lafudhi ya kuchekesha. Mlango wa pili ni ngoma ya mapokezi, hapo kinakuja kama sauti ya nyuma, na mara nyingi hata hiyo sauti inazimwa. Mlango wa tatu, ambapo mtu mzima anasema jambo la maana kwa Kigogo na wewe unalazimika kumsikiliza mpaka amalize, haupo. Mdogo wako darasani hajawahi kuuona huo mlango. Anajua kilugha chake kina kazi mbili, kuchekwa au kupambia wageni. Ningekuwa mimi na miaka kumi na tano ningenuna pia.

Ndio maana nasema usikimbilie kumweka bibi yako kama dawa. Najua utashawishika, hapa klipu mbaya za komedi, hapa bibi anapiga muheme jua linazama, watu wataona uzuri wa utamaduni wetu. Hapana. Hiyo ya pili ni ile ile ya uwanjani, ila umeiweka taa nzuri. Bibi bado ni bubu.

Kuna kazi moja itakusaidia hapa. Tracey Moffatt, msanii wa Australia mwenye asili ya wenyeji wa kule, Aborijini, mwaka 1999 akishirikiana na mhariri Gary Hillberg alitengeneza video ya kama dakika 10 inaitwa Lip. Walikusanya vipande vya filamu za Hollywood ambavyo vina wanawake weusi wanaoigiza mahausigeli, wapishi, wahudumu, miaka na miaka ya filamu, unajua ile sura, mama mnene anafungua mlango anasema ndio bibie. Ukivitazama kimoja kimoja ndani ya filamu zake huoni kitu, ni mtu wa pembeni. Ila Moffatt hakuchagua vipande vya utii peke yake, alichagua vile ambavyo yule hausigeli anajibu, anakata jicho, anamjibu bosi wake kwa dharau ya chini chini. Jina lenyewe la video linacheza na hilo, kwa Kiingereza lina maana ya mdomo na pia la mtu kuwa na mdomo, na uzuri ni kwamba hata sisi tunasema hivyo hivyo, fulani ana mdomo. Kumbe hao wanawake waliopewa nafasi ndogo na waandishi wa filamu, ndani ya nafasi hiyo hiyo walikuwa wanajibu, na hakuna aliyewasikia mpaka mtu alipokuja kuwaweka mstari mmoja.

Kwa hiyo nenda Chamwino, mwoneshe bibi zile klipu. Weka simu moja inamrekodi usoni wakati anaangalia, usimuulize maswali ya kitafiti, mwache aongee na wenzake kwa Kigogo kama wanavyoongea. Atasema kitu. Inawezekana atakasirika, inawezekana atacheka mpaka machozi na akicheka iache, usiikate kwa sababu haiendani na unachotaka kusema, kicheko cha bibi kina haki kuliko hasira yako wewe na yangu. Inawezekana ataanza kumuigiza yule muigizaji. Wagogo wana mdomo jamani, waliokaa nao wanajua, huwezi kuleta upuuzi mbele ya bibi wa Kigogo ukaondoka salama. Hicho ndicho komedi haijawahi kukirusha.

Halafu wimbo. Mpe wimbo mzima. Kama ni dakika sita ni sita, kamera isimame mahali pamoja, usikate, usiweke mtangazaji, usiweke muziki juu yake, nakuomba sana hapo kwenye muziki maana najua nyie wa harusi mkono unawasha. Mtazamaji atachoka dakika ya pili, atataka kuondoka, dakika ya tatu ataanza kusikia kwamba kuna maneno. TV haijawahi kumpa yule mama dakika tatu mfululizo, wewe mpe, na huo urefu peke yake tayari ni ukosoaji.

Kuhusu maandishi ya tafsiri chini ya skrini fikiria hivi, kwenye klipu za komedi ambazo ni za Kiswahili weka tafsiri ya Kigogo, na bibi anapoongea Kigogo usiweke tafsiri yoyote. Atakayeelewa ataelewa, na asiyeelewa kwa dakika chache ndio yuko nje. Mdogo wako ataelewa kila neno, wenzake watamgeukia wamuulize anasema nini. Nikifikiria hiyo picha tu nasikia raha.

Sasa kuna kishawishi kingine cha kupiga hii mitambo nyundo, yani kutengeneza kitu cha hasira tupu. Ulysses Jenkins, msanii mweusi wa Los Angeles, alifanya video fupi mwaka 1978 inaitwa Mass of Images. Amekaa kwenye kiti cha magurudumu, pembeni TV zimepangwa moja juu ya nyingine, katikati zinapita picha za zamani za wazungu waliojipaka masizi kuwaigiza watu weusi, na yeye anarudia rudia maneno kama ya wimbo kwamba wewe ni rundo tu la picha ulizozizoea miaka yote ya kuangalia TV. Ana nyundo kubwa. Anaiinua. Hazivunji. Mimi nimeitazama mara nyingi na kila mara mwili wangu unasubiri ule mlio wa kioo na haufiki. Miaka mitatu nyuma kabla ya hapo, tarehe 4 Julai 1975 huko huko California, kundi la wasanii linaitwa Ant Farm waliendesha gari wakapita nalo katikati ya ukuta wa TV zinazowaka moto, na unajua nani walikuja kuripoti, vituo vya TV. Ikawa habari ya jioni. Kuvunja kunageuka kuwa kipindi haraka sana, ila nyundo iliyosimama hewani TV haijui iifanye nini.

Wa mwanzo kabisa kwenye mambo haya watu huwa wanamtaja Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul aliyefanya kazi Ujerumani na Marekani, mwaka 1963 kwenye mji wa Wuppertal alionesha TV alizozichokonoa ndani mpaka picha zikapinda, na 1965 akaweka sumaku kubwa juu ya TV, picha ikajikunja kama kitambaa. Waliokulia na TV chogo tunaijua hii, ulikuwa ukisogeza spika karibu na kioo rangi zinageuka kijani na zambarau na unachapwa. Paik alikuwa anasema kwa vitendo kwamba kile kioo si dirisha, ni kifaa, unaweza kukitia mkono. Na kamera za video za kubeba begani zilipoanza kuuzwa na Sony mwaka 1967 ndio watu wa kawaida wakaanza kujibu, kabla ya hapo kamera ilikuwa ya kituo peke yake. Wewe una simu, umeshavuka huko.

Kuna moja siipiti. Mwaka 1973 Richard Serra na Carlota Fay Schoolman walitengeneza video ya dakika kama saba ambayo haina picha yoyote, maandishi tu yanapanda taratibu na muziki laini wa kubembeleza kama wa dukani, na maandishi yanakwambia kwamba wewe unayeangalia ndiye bidhaa, TV inakukusanya wewe inakuuza kwa mwenye tangazo. Miaka 50 na zaidi imepita na nikishika simu naona imekuwa kweli zaidi ya walivyosema. Yule kijana wa koti kubwa hamchukii bibi yako, sidhani hata kama amewahi kufika Chamwino. Anatafuta vyuu, yani watazamaji wengi mtandaoni. Mgogo anauza, kama Mmasai mlinzi anavyouza na Mkurya mkali na Mchaga wa hela. Kwa hiyo video yako isimfanye yeye kuwa adui, ndio maana nilikwambia kile kijisekunde anapovuta pumzi na kumwangalia anayempa ishara ni muhimu, pale unamuona na yeye ni kijana anatafuta riziki ndani ya mtambo.

Na tusijidanganye kwamba kabla ya TV tulikuwa safi kama maji ya mvua. Zanzibar walikuwa na TV tangu miaka ya sabini mwanzoni, ila huku Bara TV za watu binafsi zimeanza 1994 tu, na kabla yake redio ilishatufanya vitu vingi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wetu, alitoka huku akaenda kuishi na kufanya kazi Bagamoyo, akapeleka ala zetu za ilimba na zeze duniani mpaka akarekodi na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza, akafariki 2003. Kuna watu wengi, na Watanzania wamo, ambao "muziki wa Kigogo" wameujua kupitia sauti yake kwenye spika. Je hiyo ni ya uongo kwa kuwa imepitia kwenye studio? Mimi nasema hapana. Mtu alichukua chombo akakifanya kiseme anachotaka yeye. Hata wale watafsiri wa filamu kwenye mabanda ya video, Lufufu na wenzake, walifanya hiyo hiyo, filamu ya Hong Kong au ya Marekani inapita, mtu anaongea juu yake kwa Kiswahili cha mtaani, anaeleza, anaongezea ya kwake, anamkosoa mhusika, na banda zima linacheka kwa sababu ile filamu imepigwa mdomo na mtu wetu. Hakuna aliyeita sanaa ya video. Ukikaa chini kutafuta asili ya unachotaka kufanya usiishie New York, pita na Banda la Majengo.

Dokumentari sasa, kwa kifupi. Dokumentari inakueleza jambo, ina mwanzo na hoja na watu wanaotoa ushahidi, na nzuri inafanya kazi kubwa sana. Sanaa ya video haina haja ya kukueleza, inachezea muda wako na macho yako mpaka uhisi mwenyewe kwenye mwili. Ukijikuta unaandika maelezo ya mtangazaji ujue umeshahamia dokumentari, si dhambi, ila ujue.

Mambo ya kiufundi, haya machache. Usijisumbue kutafuta klipu zenye ubora wa juu, hata ukirekodi skrini ya TV kwa simu na ile mistari ikatokea iache, inamkumbusha mtu kwamba anaangalia TV ndani ya video. Urefu wa ile sehemu ya marudio dakika tatu inatosha kabisa, zaidi ya hapo unamtesa mtu. Toa faili la MP4 kwa H.264, TV nyingi za siku hizi zinalisoma moja kwa moja kwenye flashi, na kama flashi ni FAT32 faili lisizidi GB 4 maana halitaingia, washa kurudia na iende yenyewe siku nzima, umeme ukikatika ukirudi mtu anabonyeza mara moja tu.

Na hapo kwenye pa kuonesha. Usisubiri ukumbi wenye viyoyozi. Unajua ile video ya Birnbaum niliyokueleza alionesha wapi? Kwenye dirisha la saluni ya nywele, mtaa wa SoHo, New York, watu wanapita wanasimama. Dodoma kila saluni na kila kinyozi ana TV ukutani na klipu zile zile za komedi zinapita pale pale mtu akiwa amefungwa kitambaa shingoni hawezi kuondoka. Zungumza na dada mmoja wa saluni hapo Nkuhungu kwako, mwombe Jumamosi moja. Kaa kwenye benchi uangalie watu wanafanya nini inapofika kwa bibi. Utajifunza zaidi ya nilivyokufundisha mimi hapa.

Sheria usiipuuze. Klipu za watu zina wenyewe, tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kuonesha hadharani kuna Bodi ya Filamu chini ya ile sheria ya 1976, kwa hiyo kabla ya hiyo Jumamosi nenda kaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Bodi unatakiwa kufanya nini kwa vipande vifupi vya aina hii, uende na maelezo ya kazi yako yameandikwa. Usiambiwe na watu wa mtaani, mimi nikiwemo.

Ila ruhusa kubwa kuliko zote ni ya bibi. Muheme ni ngoma ya kina mama na imetoka kwenye mambo ya kuwafunda wasichana, kuna nyimbo si za kila sikio, wao wanajua ipi inaruhusiwa na ipi hapana, wakikuambia hii zima kamera zima bila kubishana hata kama ndio ilikuwa nzuri kuliko zote. Walipe, na wakishaona iliyokamilika wakasema kipande fulani hawakitaki kitoe. Na mwishoni usiandike "kikundi cha ngoma Chamwino" kama tulivyokuwa tunaandika kituoni, andika jina la kila mmoja, jina moja kwa muda wa kutosha kusomeka, hata kama ni majina ishirini.

Ukishakuwa na dakika mbili za kwanza nitumie, hata kama sauti haijakaa sawa. Na ukifika kwa bibi nisalimie, mwambie mbukwenyi wote hapo, na umuulize kama pampu za huko kwao zinafanya kazi siku hizi.